Mawe ya Kaburi la Mama

Chumba cha vibarua,
Nyuma ya jengo jipya la benki.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na baba mdogo na wadogo zangu wote. Je, goti limepungua kuuma? Usinifiche. Unapenda kusema hujambo huku unachechemea, na dada yako alikuwa hivyo hivyo. Mimi mwili unakwenda. Mikono imechubuka kwa saruji, lakini kazi ipo.

Mama Mdogo, nina mzigo umenielemea na huku sina wa kunitua.

Wiki iliyopita kaka alinipigia simu ana furaha tele. Ruzuku ya kilimo imetoka, kapewa mbegu, mbolea na pesa kidogo ya trekta kwa msimu ujao. Nikacheka naye. Unakumbuka mama alivyokuwa akienda kujiandikisha kila msimu na kurudi mikono mitupu? Alikuwa akitutania, "Hiyo ya serikali nitaila nikiwa chini ya ardhi."

Nikamwuliza kaka shamba limetimiaje, maana siku zote lilipungua kidogo, na bila eka nzima hawamwandiki mtu. Akasema bwana shamba alizunguka na kimashine chake cha kupimia, akakuta pungufu vile vile. Akamwambia penye mawe hapahesabiwi, ila pakilimwa patahesabiwa.

"Mawe gani, kaka?"

"Yale ya pale kwa mama. Niliyasogeza mpakani kabla ya kupanda. Mahindi ya pale yamestawi kuliko yote."

Tusi likanitoka, nikamtukana kaka yangu mkubwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Naye akanirudishia: "Wewe wa kutuma pole kwa simu, njoo basi uwalishe hawa wanangu! Marehemu hali!" Kisha nikamsikia anavuta makamasi. Yeye hakukata simu, na mimi sikukata. Salio ndilo lililotuachanisha.

Siwezi kumhukumu. Msimu uliopita walivuna mabua matupu, hilo unalijua. Mwenye njaa hana miiko.

Lakini mimi mama sikumzika. Nyapara alininyima ruhusa, nikajituliza kwamba mawe yapo, siku moja nitakwenda na saruji nimjengee. Kutwa nakoroga zege, Mama Mdogo. Nimemwaga sakafu za watu nisiowajua hata sura, na mama yangu sijamfikishia karai moja.

Nilimpigia tena kaka, nikamwuliza mama yuko chini ya mstari upi hasa wa mahindi. Akasema ni hapo hapo karibu na mpaka, halafu akasema labda ule wa pili. Hana hakika tena. Wewe siku ile ya kumzika ulisimama upande wa kichwa. Nakuomba, goti likikuruhusu, nenda kabla ya mavuno. Trekta likija kupindua udongo, hata wewe hutapatambua. Rudisha jiwe moja tu, la kichwani. Jiwe moja halipunguzi eka. Wala usigombane na kaka. Mwambie matusi yangu niliyatoa kwa uchungu, na simu yake naisubiri.

Mahindi ya mstari ule wape watoto wa kaka wayale, wana haki. Mimi msiniwekee hata gunzi. Hayatapita kooni.

Nisalimie baba mdogo, na yule mtundu wenu wa mwisho anayenidai baiskeli. Mwambie nimesikia. Mungu akupe nguvu ya goti na ya moyo, akuweke hadi nije unishike mkono unipeleke pale.

Ukifika, mwamkie mama kwa niaba yangu. Mwambie mwaka huu eka imetimia.

Ni mimi nikupendaye,
Kitindamimba wa dada yako.