Kisima Kilichorukwa

Kaka yangu mpendwa,

Naomba barua hii uisome kwa sauti, watu wote wakiwa wameketi. Shikamoo Bibi, uliye mkubwa wetu sote. Shikamooni Baba na Mama. Shikamoo Shangazi. Wifi yangu na kichanga chenu, nawasalimu kwa mapenzi. Je, goti la Bibi limepata nafuu? Mimi ni mzima, ila macho yanachoshwa na kompyuta.

Shangazi aliniuliza kama kweli nalipwa kwa kuitazama mashine ikifanya kazi. Swali ni la haki, nami nalijibu hadharani. Vipimo vya maji ya visima hutufikia ofisini vikiwa vurugu. Husafishwa, hujumlishwa, ndipo ripoti hutoka. Zamani kila mtu alikuwa na njia yake, na akienda likizo, kazi nayo ilikwenda likizo. Sasa nimeandika faili moja linaloeleza kila tokeo linatokana na nini na kwa amri gani. Mgeni akilisoma anaielewa kazi. Kompyuta ikilisoma inaifanya. Tena hufanya kama mpishi mvivu: hulinganisha tarehe ya vipimo na ya ripoti, na kisichobadilika haikipiki upya.

Juzi mwenzetu tumwitaye Mzee wa Chupa, mchukuaji wa sampuli, alileta vipimo vipya vya kisima kimoja. Nikatoa amri, kompyuta ikajibu kwamba hakuna jipya. Nikarudia, jibu lile lile. Mzee wa Chupa akanicheka, akasema mashine imejifunza uvivu kwangu. Udadisi haukuniacha nikae. Nikafukua hadi nikakuta kwamba betri ya saa ya kompyuta yake imekufa, hivyo kila akiiwasha tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa. Vipimo vya juzi vilionekana vya kale kuliko ripoti, basi vikarukwa. Tulipoirekebisha tarehe na ripoti ikatoka upya, hata yeye aliacha kucheka.

Visima vyetu huandikwa kwa namba. Nilipofungua ramani ya picha za angani nijue namba ile ni ya nani, nikaliona paa la nyumba yetu.

Baba, ni kisima chako. Ripoti ya zamani uliyowasomea majirani, kwamba maji ni salama, ilikuwa kweli kwa maji ya wakati ule. Ya sasa yana nitrati nyingi, kitu kisicho na rangi wala harufu, kitokacho kwenye mbolea na vyoo. Humnyima mtoto mchanga hewa katika damu, na kuchemsha hakukiondoi. Ninakiri kwamba jana nilimpigia wifi, naye ameacha kukoroga maziwa ya mtoto kwa maji hayo, lakini kwa siri, akiogopa kukuvunjia heshima. Hata Kaka hakuambiwa. Siri hiyo nimeitoboa mimi, asilaumiwe yeye.

Basi uamuzi ni huu, na utekelezwe kabla hamjatawanyika: Kaka na wifi wampeleke mtoto zahanati leo hii, Baba akifunge kisima kwa mkono wake, kisha awaendee majirani wenye watoto wachanga, maana neno lake ndilo waliloliamini.

Nawaombea afya nyote.

Binti yenu, dada yenu,
wa vipimo vya maji