Panga Ulilompa Januari

Lushoto,
Novemba 1974

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na mvua hizi za huko Bungu zisiwe zimekurudishia kile kifua. Mimi nipo, naendelea kupata nguvu.

Mama, mjomba Sefania alinifikishia maneno yako, kwamba umechoka kunisubiri. Ni kweli. Yule Mathayo aliyempiga baba rungu kule shamba la chai hadi akafa, tangu ahamie kijijini kwetu huku ninakoishi tunalima naye shamba moja la ujamaa, nami sikumfanya kitu. Mara nyingi nilikuwa nyuma yake na jembe mkononi, nikajiambia kesho. Siku moja aligeuka, akanimegea kiazi chake cha kuchoma. Nikala. Tangu hapo nikazidi kushindwa, wala si kwa woga tu. Ameanza kuzeeka, na kila anaponiona huinamisha macho.

Basi ukampa Januari panga la baba. Mdogo wangu hana kesho. Alitukuta asubuhi tukipalilia maharage, hata hakunisalimu, akauliza Mathayo ni yupi. Mwenyewe akajibu, "Ni mimi, mwanangu," akasimama palepale asikimbie. Panga likapanda. Mama, mimi niliyesita miaka yote ile, siku hiyo sikusita. Niliweka mkono wangu.

Nisamehe kukupa habari hii kwa karatasi. Mkono wa kulia haupo tena. Wameukata hapa hospitali, juu kidogo ya kifundo. Januari alichana shati lake akanifunga, akilia kama tulivyomlilia baba. Aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani Soni ni Mathayo. Waganga nimewaambia niliteleza, na wenzetu wa shambani wamesema hivyohivyo.

Mwandiko huu unaujua, si wangu. Mimi natamka, Januari anaandika. Ameweka kalamu chini mara nyingi. Namwambia andika tu, mama yetu hawezi kukufukuza.

Usimfukuze, mama. Anakuja huko Jumamosi. Mpikie kwanza, maswali baadaye. Panga limebaki kwangu.

Mfikishie mjomba shikamoo yangu, na watoto wa dada Raheli uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao,
Kristofa

Na mimi, mama, shikamoo.
Januari