Mwanafunzi Aanze na Shangazi

Ilembo,
Mpanda, Katavi.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Gratien,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Mtwara? Mgongo uliokuwa unakusumbua umepoa? Na joto la huko umelizoea, au bado unalala mlango wazi? Sisi huku ni wazima. Mvua inanyesha vizuri, mahindi ya Kakese yameanza kutoa mbelewele, na nyani wameshaanza kuyakagua kabla yetu.

Nianze na la muhimu ili utulie: mwanao Odeta amepona. Juzi alitoka hospitali kwa miguu yake, akakataa kubebwa. Homa ya mapafu imekwisha, anakula, na tangu jana hapa kwangu ananidai karanga.

Sasa tugombane.

Siku alipolazwa ulimpigia simu mkeo Aline ukaagiza kwamba wanafunzi wa udaktari wasimguse mtoto. "Mwanangu si wa kujifunzia," ulisema. Najua ni hofu. Baba aliye mbali hana cha kumshikia mtoto isipokuwa simu. Lakini nakuuliza: huyo daktari mzoefu unayemtaka, uzoefu aliupata kwa watoto wa nani? Wa jirani? Wetu wasiguswe, wa wenzetu ndio wa kujifunzia? Huo ni uchoyo, Gratien, hata ukiuita upendo.

Usidhani nilipigana upande mmoja tu. Asubuhi ya kwanza daktari alikuja na wanafunzi wake, akamfunua mtoto shuka, akaanza kuwaeleza kana kwamba mimi na Aline ni viti. Nikamwambia, "Daktari, mtoto huyu ana wenyewe. Mnaomba kwanza." Aline, unamjua asivyopenda ugomvi, akaanza kufunga vitu kwenye kitenge. Alitaka kumrudisha mtoto nyumbani Kakese kabla sindano hazijaisha! Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana Odeta alikuwa anahema mpaka mbavu zinaonekana.

Daktari aliomba radhi, na kwa hilo namsifu. Wengine wakatoka, akabaki naye mwanafunzi mmoja, binti wa Sumbawanga anayeitwa Monika. Akachuchumaa mpaka akalingana na kitanda. "Mama, naomba nimsikilize mtoto kifua. Ukikataa sitakasirika, na matibabu yake yataendelea vilevile."

Aline akajibu, "Baba yake amekataza." Kisha akaniangalia mimi.

Kabla sijafungua mdomo, Odeta akasema kwa sauti ya kukwaruza, amejificha nyuma ya mkono wangu, "Aanze na masenge." Ndivyo anavyoniita shangazi yake, Kirundi cha bibi yake hicho.

Basi nikageuza mgongo. Monika akanigonga kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akaweka kile kifaa chake cha kusikilizia, vuta pumzi, achia. Mama wa kitanda cha jirani akadakia, "Sikiliza vizuri, humo ndani kuna redio!" Wodi ikacheka, Aline akacheka, mtoto naye akacheka mpaka akakohoa. Kisha akavuta gauni lake juu mwenyewe. Nikamwambia Monika, "Haya, msikilize." Aline akafungua kile kitenge, akarudisha vikombe mahali pake.

Tangu hapo Monika alikuja asubuhi na jioni. Kila alichosikia, daktari alikisikiliza tena mwenyewe, kwa hiyo usiseme mwanao aliachiwa mwanafunzi. Ila Monika ndiye aliyekuwa na muda wa kukaa na Aline, akamweleza kila dawa kazi yake, na kwa nini sindano zisikatishwe eti kwa kuwa homa imeshuka. Akina mama wengine wakaanza kumwita wenyewe. Mmoja alikataa katakata, ni haki yake, na hakuna aliyemnunia.

Aliyevunja amri yako ni mimi. Ukitaka kufoka, nipigie mimi. Simu yangu ina chaji na hoja ninazo. Aline umshukuru tu. Amelala sakafuni wodini na hajalalamika.

Mzee wangu Eustace anakusalimu, na binti yetu Dorice pia, anasema usisahau korosho. Huko nisalimie sana Polycarpe unayeishi naye. Nyie wawili mpike, msiishi kwa chapati za kununua. Mungu awalinde kazini na awarudishe salama.

Jambo moja limebaki. Odeta amejitengenezea kifaa cha kusikilizia kwa bua la jani la mpapai. Amewapima wote hapa nyumbani, hata Mzee Eustace, lakini hamgusi mtu kabla hajasema, "Naomba ruhusa." Nilimwambia una mgongo mbaya. Amesema ukija Pasaka ataugonga ausikilize, ila nikuulize kwanza kama unakubali.

Jibu mpe yeye, si mimi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Gaudiose