Watu Kumi na Wawili, Paswedi Moja

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeandika bila kuuliza herufi hata moja. Mwalimu wetu wa kompyuta — binti mwembamba kama ufagio, ila sauti yake ya kupigia mnada — kasema tuandike kila siku, mkono usisahau. Haya, naandika. Daftari halina meno, halitanicheka.

Chumba chetu kiko nyuma ya zahanati. Kompyuta sita, sisi wazee kumi na wawili. Mkunga mstaafu kamwona kitukuu wake kwenye skrini, kapiga kelele mpaka wagonjwa wakaja kuchungulia. Fundi cherehani kajaza fomu yake ya pensheni mwenyewe, bila kumbembeleza karani. Vigelegele! Mke mwenzangu — marehemu alituacha wawili, kila mtu na mlango wake, ua mmoja — kanuna, eti fomu si harusi. Huyo hata asali ataitafutia mfupa.

Jumatano, 5 Machi

Balaa.

Kaja afisa wa halmashauri na karatasi zake. Intaneti na mshahara wa mwalimu vinalipwa na serikali, anasema, kwa sharti kwamba wanaojifunza wasipungue kumi na wawili. Mashine inaonyesha mmoja. Mmoja! Tena yuko kwenye kompyuta sita kwa mpigo. Akasoma jina. Langu!

“Bibi, huyu ni wewe?”

Nikamwambia ni mimi, mwanangu, ila si mimi peke yangu.

Ukweli ndio huu. Siku ya kwanza kila mtu alipewa jina la kuingilia na paswedi yake. Wiki ya pili wote wamesahau, nakumbuka mimi tu. Nikawaambia piteni kwangu, mlango uko wazi. Jirani kasimama nje, utamfungia? Mwalimu alituona tunaingia, hakuuliza kwa jina la nani.

Afisa anafunga ripoti Jumanne saa sita mchana. Asipoona watu kumi na wawili, kila mmoja na jina lake, fungu linapelekwa kwingine na chumba kinafungwa. Mwalimu kalia. Mimi sikulia. Nilijikasirikia mpaka masikio yakapata moto.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeanza upya, mtu mmoja mmoja. Fundi cherehani katunga paswedi, halafu akatutangazia wote! Mwalimu kashika kichwa: mama, hiyo ni siri! Fundi naye: siri ya nini, kwani hapa kuna mwizi? Akatungishwa nyingine. Ikamchukua saa nzima, na hiyo nayo nusura aitangaze.

Mpaka jioni tumefika kumi na mmoja. Amebaki mke mwenzangu. Hataki.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwendea. Yuko kizingitini, anachambua mchele, hata kigoda hakunipa.

Nikasema, dada, tunga paswedi yako, chumba kinakufa.

“Tumechangia mume miaka thelathini, paswedi ndiyo itushinde?”

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini sikumwachia. Nikamuuliza, na mimi nikifa, utaingiaje?

“Ukifa na mimi naacha.”

Kisha akainamia ungo. Akasema polepole, hakunitazama: “Nikiwa na yangu, utanipitia asubuhi kwa sababu gani?”

Ala! Kumbe ndilo hilo! Nikamwambia, mjinga wewe, mimi nakupitia kwa ajili ya mashine? Nilikuwa nakubishia hodi hata miaka ile nilipokuchukia!

Akaingia ndani. Akafunga mlango. Sijui nimejenga au nimebomoa. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 11 Machi

Niko darasani, daftari gotini. Saa tano na dakika arobaini. Asubuhi nilimbishia hodi, hakuitika. Kumi na mmoja tumeshaingia, kila mtu kwa jina lake. Afisa anatazama saa, mwalimu anatazama mlango.

Amekuja! Kavaa nguo ya kuendea harusi. Hakumsalimu mtu. Kaketi kwenye kompyuta ya mwisho, kamfukuza mwalimu kwa mkono kama anafukuza kuku.

Jina ameandika. Limekubali. Jina lake zima, la kwao, ambalo hapa mtaani hakuna anayemwita kwalo.

Paswedi. Mashine imekataa — fupi mno. Ya pili, imekataa, haina namba. Dakika tano zimebaki. Mkunga anamwambia “sukuma, sukuma!” Hata afisa ananong'ona, taratibu mama, taratibu.

Nikanyanyuka nimsaidie. Akageuka, kaiziba kibodi kwa viganja viwili.

“Kaa chini! Usichungulie!”

Nimekaa. Nimeuelekeza uso ukutani kabisa. Sioni kitu, nasikia vibonye tu. Tak. Tak. Kimya. Anahesabu kwa midomo, namjua. Tak —