Jina la Wakili

New Hope, Minnesota

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini goti limepoa na ng'ombe amezaa salama. Sisi ni wazima, ingawa baridi ya huku haina adabu.

Mtoto ananyonya vizuri. Najua unangoja jina. Mwanangu wa kwanza alirithi jina la baba ya Njoroge, kwa hivyo huyu wa pili, kwa desturi yetu, ni wa marehemu baba yangu, Wakili Gathogo. Hata mimi nilidhani hivyo.

Mama mkwe alikuja kutoka nyumbani kunisaidia. Alinipikia uji, akanikanda mgongo. Yeye humwita mume wangu "Baba", maana alimpa jina la babake mzazi, Njoroge.

Jumapili wamama wa kanisa walikuja kumwona mtoto. Mmoja wa kule kwetu akacheka, "Haiya! Huyu si ni Wakili Gathogo mwenyewe!"

Mama mkwe, aliyekuwa amempakata, akaniuliza kama ni yule wa kesi za Mau Mau. Nikajibu ndiye, aliwatetea wafungwa. Si ndivyo ulivyonifundisha?

"Alimtetea nani? Nilikuwa kortini, nimeshika leso ya mama. Alisimama upande wa serikali akaomba babangu anyongwe, kisha akaenda kunywa chai na jaji. Hatukupewa hata mwili."

Njoroge akasema, "Mum, please, hiyo ni story ya kitambo. Ni jina tu."

"Jina tu? Wewe ni baba yangu. Huyo hawezi kulala nyumba moja na baba yangu."

Akamlaza mtoto kwenye kochi. Tangu siku hiyo hakumgusa. Mtoto akilia, aliongeza sauti ya TV.

Nilikupigia nikakuuliza kama ni kweli. Ukanijibu, "Unadhani ulisomeshwa na nini?" Asante, Mama. Hilo lilinitosha.

Juzi mchungaji alimwombea mtoto. Sasa anaitwa Ryan. Hakuna Ryan kwetu wala kwao, aliye hai wala aliyekufa. Njoroge alilia, mimi sikulia. Tulipotoka kanisani, mama mkwe alimbeba mpaka kwenye gari.

Najua ulitaka sana mumeo arudi kupitia mtoto huyu. Hata yule aliyenyongwa alikuwa na mke aliyemngoja. Usinipigie kunililia, sitapokea.

Nisalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, na jirani anayekukamulia ng'ombe. Na shangazi, dada yake baba, ambaye nasikia anajigamba sokoni kwamba kaka yake amezaliwa tena Amerika: mkalishe chini, umpe chai, kisha umwambie hakuzaliwa.

Ni mimi binti yako,
Wanjiru