Kichwa Kwabo, Meza Kwetu

Siku ya kwanza, 28 oktoba 1991

Mashini ya kushona ya mama inapatikana! Nusu. Meza na pédale tuliokota siye benyewe siku ya pillage, wakati basoda balipora muji, pale ku rail. Mwizi alichoka kubeba, akaachilia. Tuliileta mpaka huku kwetu Hewa Bora, basoda banapiga masasi mu hewa, mama anasukuma na kuomba rozari. Na kichwa ya mashini, ile chuma yenye sindano? Leo njo tunasikia: iko kwa Papa Symphorien. Jirani! Ukuta moja tu katikati!

Mama alienda kuomba barudishe. Symphorien anasema hakuiba, "aliokoa". Eti aliibeba ju isiende mbali. Asante sana, mtakatifu Symphorien!

Siku ya tatu, 30 oktoba

Mama Kasoki alipita, ule mwenye kuuzisha bitambaa en gros, muntu wa Butembo. Depot yake balikomba yote, hata milango. Bitambaa ya kwaya tu ilipona, chini ya kitanda yake. Anataka mama ashone nguo za kwaya, na malipo ni fuko ya bunga. Fuko muzima! Lakini siku ya pili ijayo, 5 novemba, atarudi, na kama mashini haizunguke, anapeleka kwa fundi wa Makomeno. Siye bunga yetu iko ya kufuta sufuria.

Kiisha Symphorien akaleta condition yake. Tupeleke meza kwake, bibi yake Chola ashone juma nzima, mama ashone siku ya posho tu, mwisho wa juma. Chola! Hajui hata kurudisha kifungo!

Mama alisimama. "Heri iote kutu!" Akafunga mulango, kalenda ikaanguka.

Miye nilifurahi kidogo — Mungu anisamehe. Ju njo ile somo! Mbele iniversité ifungwe, profesa wa psychologie alituchezesha mchezo. Bantu babili, kitu kimoja cha kugawa. Mumoja anagawa, mwenzake anasema ndiyo ao hapana. Akisema hapana, bote babili banakosa. Kwa akili ya kawaida, hata kidogo inapita bure. Lakini bantu banakataa! Banapenda bote balale njala kuliko kuonewa. Na profesa alikuwa anazania kuna dawa moja mu ubongo, sérotonine. Ikipunguka, hasira inatangulia. Na ubongo inaitengeneza na bile tunakula: mayai, karanga, maharagi. Alitukanya pia — ubongo haiko sufuria, huwezi tia chumvi na kuonja.

Sawa, profesa. Lakini tuko na kuku.

Siku ya tano, 1 novemba

Juzi magaribi, jana, leo: kila yai inaenda kwa mama. Na karanga za mbegu pia (atanichapa akijua). Ananiuliza, na weye? Ninasema nilikula kwa rafiki. Rafiki gani!

Inafanya kazi! Asubuhi mama aliamkia Chola ku bomba. Mchana alicheka peke yake. Miye kichwa inaniuma tu. Niligombana na ndoo.

Siku ya posho, 2 novemba

Aibu. Aibu ya kufunika na bulangeti.

Mama aliniita, pole kabisa. "Enda kwa Papa Symphorien, umwambie ni sawa. Siku moja ni siku. Mama Kasoki akiona inazunguka, pengine atangoja." Victoire! Nikaenda mbio.

Nikamukuta anakula. Bukari ya moto, na bitoyo, samaki ya chumvi. Hakunikaribisha! Ku nyumba ya jirani, mutoto wa jirani anasimama, na hakusema hata "karibu, nawa mikono"! Anamega, anatafuna, anasema: "Mademoiselle wa iniversité, nilifikiri tena. Siku ya posho pia — asubuhi tu." Na akalamba kidole.

Sijui nini ilipanda. Nilisema maneno yenye kwaya haiimbe. Nilimwambia aweke hiyo kichwa mu kitanda, alale nayo. Nikarudi, nikachomoa mukanda ya mashini ku gurudumu, nikajifunga nayo ku kiuno. Sasa hata apate meza, haizunguke!

Yenga, 3 novemba

Mama hakukasirika. Njo mbaya zaidi.

"Léonie. Ile mayai, weye ulikula ngapi?"

Hata moja. Nikaeleza yote: profesa, sérotonine, karanga. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Mutoto wangu! Dawa ulinipa miye, na kule akaenda mugonjwa, weye mwenye njala!"

Siku ya kwanza, 4 novemba

Bunga imeisha. Kuku hakutaga. Mukanda sitoe.

Siku ya pili, 5 novemba

Ninaandika haraka, ku meza ya mashini yenyewe. Bote bako hapa.

Mama Kasoki alifika mapema, bitambaa ku magoti. Kiisha Symphorien akaingia na kichwa ya mashini ku pousse-pousse, kigari ya kusukuma — kutoka mulango moja mpaka mulango moja! Chola nyuma yake, anamusukuma kwa macho. Symphorien alisema bila kuniangalia: mashini ibakie huku. Siku tatu mama, siku tatu Chola, na mama amufundishe. Yenga, siku ya Mungu, kila muntu apumuzike.

Mama akasema sawa. Mama Kasoki akasema: basi tuanze.

Na bote bakaangalia kiuno yangu.

Ninajua vile profesa angesema. Nusu kwa nusu! Na fuko ya bunga! Pokea! Lakini nusu ya nini? Mashini ni yetu, yote, tangu miye mutoto. Anatuchukulia kitu, anarudisha nusu, na siye tuseme merci? Mikono yangu ilishika mukanda yenyewe. Nilifungua kinywa.

Mama akaniwahi. "Mungojee. Huyu hajakula."

Kuku alitaga asubuhi. Yai moja. Iko mu maji, ku mbabula, na siye bote tunaangalia ile sufuria. Symphorien aliuliza kama ni ya kuiva sana ao kidogo.

Mama Kasoki anainamia mama, anauliza chini-chini, lakini ninasikia: na akikula, akishiba, na bado akatae?

Mama anapuliza makaa.

"Basi," anasema, "itakuwa hakuna njala ndani ya ile hapana. Itakuwa ni haki yake, na tutamusikiliza."

Symphorien anaweka mikono juu ya kichwa ya mashini.

Yai inaiva. Mama ananimenyea.