Vidokezo vya Riziki

Jumanne, Kasingirima

Mpaka sasa nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Muhula mzima nawapigia kelele Darasa la Sita: andikeni vidokezo kwanza, vipangeni, ndipo muanze insha. Hawasikii. Wanaanza na dagaa, wanamalizia na harusi.

Leo nimewapa "Safari Yangu". Riziki, yule binti aliyekimbia Kongo na mama yake, akaniletea vidokezo vilivyonyooka: kijiji, risasi, baba, mtumbwi, na Ilagala walikofikia upande huu wa ziwa. Nikamsifu mbele ya wenzake, nikamuuliza nani kamfundisha.

"Ni mama, mwalimu. Tunarudia kila jioni. Siku ya kuhojiwa na maofisa wa wakimbizi, ukitaja mtumbwi kabla ya baba, watasema tunadanganya, waturudishe."

Nami nikasema, "Haya, kaa."

Haya, kaa! Miaka yote hii ya ualimu, ndilo neno nililokuwa nalo.

Mwalimu mkuu kafurahi kweli. Anataka vidokezo vile vibandikwe ukutani, wengine waige.

Karatasi ninayo hapa. Kidokezo cha tatu ni neno moja tu, "Baba", na pembeni yake nimeshaweka alama ya vema kwa wino mwekundu.